Sanduku la Mabovu

Nianze na kosa langu. Nimewasikiliza watu wengi barazani wakisimulia kampuni zilizozama, na kila mmoja humtwika lawama mkubwa wa kazi, yeye mwenyewe akawa kama abiria aliyepanda tu na kushuka. Mimi sikuwa abiria. Nilikuwa msimamizi wa karakana, na ile karatasi iliyomaliza kazi bora kuliko zote tulizowahi kufanya niliichapa kwa vidole vyangu, nikaitoa nakala, nikaibandika ukutani.

Kampuni siitaji jina. Ilikuwa mjini Unguja, mwendo mfupi kutoka Darajani, duka mbele na ua nyuma. Tukileta vifaa kutoka Dubai: madabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, ramu, hadi-diski za kuhifadhia kazi, makasha matupu. Tunaviunganisha, tunabandika nembo yetu, tunauza kwa skuli, maofisi na mahoteli ya pwani ya mashariki. Siku za neema tulikuwa mafundi saba. Ukiniuliza leo kama ile ilikuwa kampuni ya kutengeneza kompyuta au duka lenye bisibisi nyingi, nitakwambia ilitegemea saa. Mpaka saa kumi ilikuwa duka. Baada ya Swala ya Alasiri, wateja wakishapungua na Mkurugenzi ameshakwenda zake, ilikuwa karakana kwelikweli.

Saa zile zilikuwa za Ami. Huyu ni fundi wetu mkubwa, mzee wa Wete. Nikimwita Ami, naye akiniita "yakhe" nikimfurahisha na "bwana msimamizi" nikimuudhi. Alianza kazi kwa redio za betri huko kwao Pemba, akaingia kwenye kompyuta utu uzima, na hakuwa na cheti hata kimoja. Alichokuwa nacho ni sanduku. Kasha refu la mbao lililokuja na mashine ya fotokopi, likakaa chini ya meza yake, limejaa mabovu: pawa saplai zilizoungua, feni zilizokwama kwa vumbi, modemu za zamani, adapta, vipande vya waya vilivyofungwa mafundo kwa rangi zake. Kifaa kikifa hakitupwi. Kinaingia sandukuni, na siku ya haja huchomolewa kiungo kinachotakiwa, mabaki yakarudi mahali pake.

Mwanzo nilidhani ni tabia ya wazee ya kushindwa kutupa takataka. Mpaka siku moja alinivuta mkono, akanielekeza kwenye bodi iliyokuwa mezani kwake.

"Tazama vichwa."

Kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme kwenye bodi, ikiwa nzima ina kichwa bapa cha bati, kimechanjwa alama mfano wa msalaba. Zile alizonionesha mbili zilikuwa zimetuna kama andazi, na penye mchanjo pametoka uto wa rangi ya kahawia. Ndani ya kile kikopo mna majimaji. Joto likizidi, au majimaji yenyewe yakiwa mabaya tangu kiwandani, hutoa gesi, kichwa kikafura, mashine ikaanza kujizima bila ya sababu anayoiona mteja. Miaka ya mwanzo ya 2000 mabodi mengi duniani yalikufa kwa maradhi hayo. Sisi dukani tulikuwa na dawa moja tu, bodi mpya. Ami alichomoa kapasita mbili kutoka pawa saplai iliyokufa kwa sababu nyengine, akazilehemu, akawasha. Mashine ikaamka.

"Hii," akasema, "mlitaka kumuuzia mwalimu wa watu kwa kiasi gani?"

Sikumjibu, maana risiti ilikuwa imeshaandikwa.

Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, tukakaa gizani karibu mwezi. Asiye mwenyeji aelewe kwamba tangu 1980 kisiwa kilikuwa kikipata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Waya ukipata dhara, hakuna pa kukimbilia. Mji ulijaa ngurumo za jenereta na harufu ya petroli. Sisi tuliuza UPS, yale makasha ya betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, mpaka zikatuishia, ingawa kila mwenye kuzijua anajua kuwa UPS ya mezani humpa mtu dakika za kuhifadhi kazi yake na kuzima, basi.

Jioni moja katika giza lile Ami alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, betri ya gari mbele ya miguu yake.

"Betri hii ina volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na ndani ya kompyuta, hadi diski na feni zinataka ngapi?"

"Kumi na mbili. Na vyengine vinataka tano, na tatu na kitu."

"Basi kwa nini umeme tunautoa kwenye betri, tunaupandisha kwa inveta mpaka mia mbili na thelathini, kisha pawa saplai inautelemsha tena mpaka kumi na mbili? Mtu anayepanda ngazi na kushuka na ndoo, maji si yanamwagika?"

Mimi nimesoma umeme darasani. Hesabu za upotevu nazijua. Swali lile sikuwahi kujiuliza, kwa sababu kompyuta tulizipokea jinsi zilivyokuja, na soketi ya ukutani ilikuwa kwetu kama kibla.

Mwaka huohuo zilianza kuingia bodi ndogo zenye Atom, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel ya Marekani, mraba wa sentimita 17 kwa 17, zinazokula umeme kidogo. Ami aliomba moja, nikampa kwa mdomo tu. Akatafuta na kioo bapa cha inchi 15, kile ambacho adapta yake iko nje na inatoa volti 12. Kila alasiri vijana wawili walibaki naye bila ya kulipwa, mmoja akishika tochi, mwengine akitumwa sandukuni.

Jaribio la kwanza liliua hadi diski. Betri ikiwa inachajiwa hupanda mpaka volti 14 na zaidi, na yeye alikuwa ameiunganisha moja kwa moja. Diski iligonga mara tatu, tk, tk, tk, kisha kimya. Ilikuwa mpya, mali ya kampuni. Ami akanitazama. Nikachukua daftari la stoo nikaandika: "Imefika mbovu." Najua ni uongo na sijivunii uongo, lakini nikitazama nyuma, ule ndio uongozi bora kuliko wote nilioufanya pale.

Baada ya hapo alitengeneza kidhibiti kilichoshika volti 12 sawasawa, betri ikiwa na 11 au 14 na nusu. Koili aliikata kwenye pawa saplai ya sandukuni, kipoozeo kilitoka kwenye prosesa kongwe, na kasha lilikuwa kopo la biskuti. Mashine na kioo chake vilikula kama wati 50. Betri ya gari ya ampea-saa 70, ukiitumia nusu tu ili usiiue, inaiendesha saa nane hivi. Kompyuta ya mezani ya siku zile yenye kioo cha kichogo ilikuwa ikimeza wati 150 na kuendelea.

Kisha akaipaka bodi vanishi, ile ile ya kupakia koili za mota, akiziba soketi kwa utepe ili zisiingiwe na kitu. Wenye maduka ya pwani wanajua kwa nini. Hewa ya chumvi haina haraka. Inakula shaba kidogo kidogo mpaka njia za bodi zinaota ukijani, na fundi asiyejua husema "imekufa tu".

Sasa nije kwa Mkurugenzi, na nataka nimtendee haki. Mwezi ule wa giza alitulipa mishahara yote, hakukata hata siku moja, na fununu tulizozisikia ni kwamba nyumba ya urithi ilikuwa imeshawekwa benki. Hakuwa mchoyo wala mjinga. Mwanzo wa 2009 alikwenda semina Dar es Salaam, akarudi na neno "ufanisi". Akaniita ofisini, akanipa chai, akanambia karakana inapoteza pesa na hajui wapi. Akaniomba nimpangie.

Nikapanga. Mafundi wakaanza kulipwa posho kwa idadi ya mashine wanazokamilisha kwa siku. Wiki ya pili tu Ami aliacha kufundisha vijana, maana dakika ishirini za kumwelekeza kijana kushika chuma cha lehemu zilikuwa mashine moja isiyohesabiwa. Hakugoma wala hakununa. Alifanya hesabu tuliyomfundisha sisi.

Halafu ikaja ile karatasi. Kichwa chake: Ombi la Jaribio. Mwombaji aeleze anachotaka kujaribu, vifaa na bei zake, faida inayotarajiwa, na apate saini tatu, ya stoo, ya fedha na ya Mkurugenzi. Niliiona nadhifu mno. Katika miezi tisa zilirudi fomu mbili, zote za kijana mmoja, na moja alikuwa anaomba feni ya mezani kwa sababu ya joto. Ami hakujaza hata moja. Nilipomuuliza alisema, "Hapa panataka niandike nitakachopata. Ningekuwa nakijua, ningejaribu nini?"

Na sanduku. Hili ndilo linaloniuma. Hakuna aliyeniamuru. Mkurugenzi alisema tu tuongeze nafasi ya meza moja, na mimi nikazunguka na futi mkononi, nikaona kasha la mbao limekalia mita nzima. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mkokoteni, wakapima kwa kilo. Shilingi 38,000. Nikazipeleka kwa mhasibu na risiti, nikasifiwa. Ami alikuwa amekwenda msikitini. Aliporudi alisimama kidogo, akachukua fagio, akapafagia pale lilipokuwa, akakaa kumalizia mashine yake. Kesho yake, saa kumi kamili, alivaa kofia yake akaondoka na wengine. Kuanzia siku ile alasiri karakana ilikuwa kimya, taa zimezimwa, na bili ya umeme ikapungua. Mkurugenzi alifurahi na bili.

Ona ajabu yake: hakuna mtu aliyemwambia Ami "hapana". Ukitafuta kikao kilichokataa ile kompyuta ya betri, hukipati, kwa sababu hakikufanyika. Tuliondoa mabovu, tukaondoa saa za bure, tukaondoa daftari linaloweza kusema uongo wa wema mara moja moja. Vilikuwa vitu vitatu visivyo na safu kwenye hesabu za mwezi.

Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii hatukuuona mpaka Machi 2010. Miezi mitatu hivi. Maji hayapandi matangini, samaki anauzwa asubuhi au anatupwa, na simu watu wanazipeleka kuchajiwa kwenye jenereta ya jirani kwa pesa. Wiki ya tatu nikasikia kuna nyumba Jang'ombe mtu anachapa barua na mitihani usiku bila ya jenereta. Moyo wangu ulijua kabla ya miguu.

Ilikuwa ile mashine, imekaa juu ya cherehani ya mke wa Ami, kopo la biskuti pembeni. Walimu watatu walikuwa kwenye foleni na karatasi zao. Nikarudi kesho yake na Mkurugenzi. Alivua viatu, akakaa, akaandika sentensi mbili, akafuta. Akasikiliza. Hakuna feni ya kuvuma, hakuna jenereta.

"Mashallah," akasema taratibu, na nakuapia alimaanisha. Akauliza bei ya vifaa, Ami akamtajia kimoja kimoja. Nilidhani mambo yameiva. Kisha uso wake ukabadilika, nikamwona anaondoka pale alipokaa na kurudi ofisini kwa mawazo.

"Tukiuza hii," akaniambia mimi, sio Ami, "UPS atanunua nani?"

Kulikuwa na UPS 300 njiani kutoka Dubai, kwa mkopo. Aliziagiza wiki ya kwanza ya giza, akiwa na haki kabisa ya kudhani zitauzika. Akasema tuziuze hizo kwanza, halafu tulitazame hili vizuri. Akanigeukia, "Au wewe unaonaje?" Hapo palikuwa na nafasi ya mtu kusema. Ningeweza kumwambia tuuze ishirini tu, kwa skuli tu, tuone. Nikasema, "Sawa, bosi." Ami alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina.

Umeme uliporudi, UPS zaidi ya nusu zilikuwa bado stoo, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumzia giza.

Mkurugenzi alikuwa na mfano mmoja akiupenda sana: "Fanyeni kama Intel." Miaka baadaye, kazi zikiwa chache na usiku mrefu, nilikaa nikasoma habari za Intel wenyewe, nikataka kujua tulikuwa tunaambiwa tuige kitu gani. Nikakuta vichekesho. Mwanzo wa miaka ya 2000 wakubwa pale waliamua kukimbilia gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo ya prosesa kwa sekunde, kwa kuwa mnunuzi anaelewa namba kubwa. Pentium 4 ilipandishwa mapigo mwaka hata mwaka, na joto likapanda nalo. Mei 2004 wakamfuta mrithi wake aliyekuwa akitengenezwa, na Oktoba mwaka huo Craig Barrett, mkurugenzi mkuu, akapiga magoti jukwaani, nusu mzaha nusu kweli, kuomba radhi kwamba ile ya gigahezi 4 haitatoka. Kumbe wakati wote huo kulikuwa na kundi Haifa, Israeli, mbali na makao makuu, lililopewa kazi ya prosesa za kompyuta mpakato. Wao betri iliwabana, hivyo wakatafuta kazi nyingi kwa kila pigo badala ya mapigo mengi. Pentium M yao ilitoka 2003, na humo ndimo ilimochipuka Core 2 ya 2006, iliyoiokoa kampuni nzima. Nikacheka peke yangu. Walikuwa na Wete yao, na hawakuiuza kwa kilo.

Lakini hao hao ndio walioombwa prosesa ya iPhone kabla haijatoka 2007, na Paul Otellini, mkubwa wao wa wakati huo, akaikataa kwa sababu bei iliyotolewa ilikuwa chini ya gharama waliyoikadiria. Mwaka 2013, akielekea kustaafu, alikiri hadharani kuwa makadirio ya gharama yalikuwa na makosa, na mauzo yakawa mara 100 ya mtu yeyote alivyodhani. Alisema moyo wake ulimwambia akubali. Nilipofika hapo niliona kikokotoo cha Mkurugenzi wetu na boksi 300, nikafunga skrini.

Sitaki kudanganya kwamba Ami angetufanya matajiri. Kompyuta mpakato zilishuka bei, na hizo huja na betri yake ndani. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 kutoka bara, giza la miezi likawa hadithi. Pengine ile mashine ingeishi miaka mitatu tu. Ila mtu aliyejifunza kushika volti 12 kwa kopo la biskuti angekuwa wa kwanza mjini wakati sola zilipoanza kumwagika madukani, na sisi tulizipokea sola jinsi tulivyozipokea kompyuta, zimeshafungwa kwenye boksi. Wale vijana wawili wa tochi waliondoka mmoja mmoja. Duka lilifungwa mapema kuliko nilivyotarajia, kwa madeni, bila ya kelele.

Ami alirudi kwao. Nilimfuata msimu mmoja wa kaskazi, boti ikiturusha mpaka Mkoani, kisha gari mpaka Wete. Pemba siku hizo ilikuwa imeshaunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini, tangu 2010, lakini paa la duka lake lilikuwa na paneli mbili na ndani kila kitu kilikwenda kwa volti 12, taa, feni, chuma cha lehemu, redio. Vijana wanne walikuwa sakafuni. Chini ya meza kulikuwa na kasha.

Nilikuwa na adapta ya kompyuta yangu mpakato iliyokufa njiani, nikampa. Hakuishika.

"Zimo mle. Kaa chini uchambue."

Nikakunja suruali nikakaa na wale vijana. Nilitoa adapta ya kwanza, nikataka kuichomeka, kijana wa miaka kumi na tano akanizuia mkono. "Pima kwanza, kaka." Ilikuwa 12. Ya pili 24. Ilinichukua saa nzima na zaidi kupata yenye 19, plagi haikuingia, nikakata waya na kulehemu plagi yangu, vibaya, kijana akairudia. Kompyuta ikawaka.

"Elfu saba," akasema Ami.

"Ami, hata punguzo? Na kazi nimefanya mwenyewe."

"Punguzo lipo, yakhe. Jaza fomu."

Vijana hawakujua wanachokicheka, walicheka tu. Nikatoa elfu saba, akazihesabu, akazitia kwenye mfuko wa shati, akamgeukia bibi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na redio yake.